Sarufi ya Lawama: Uvuvi wa Baruti na Matokeo Yanayotabirika katika Pwani ya Tanga

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza uhusiano uliopo baina ya kauli za kitenzi cha Kiswahili na swali la kimaadili: je, mtu huwajibika kwa matokeo ambayo hakuyakusudia, lakini aliweza kuyaona kabla ya kutenda? Mfano unaotumika ni uvuvi wa baruti katika pwani ya Tanga, kuanzia Moa hadi Pangani. Uvuvi huo ulijulikana Tanzania tangu miaka ya 1960, ukapigwa marufuku kisheria mwaka 1970, lakini uliendelea kwa miongo kadhaa, hadi ulipopungua sana kuelekea mwisho wa miaka ya 2010. Hoja ya makala ni kwamba sarufi humpa mtendaji mahali pa kujificha, ila lugha hiyo hiyo ina vigezo vya kumfichua.

2.0 Tendo na Matokeo Yake

Mvuvi huwasha utambi na kutupa baruti penye kundi la samaki. Mshindo hupasua vibofu vya hewa vya samaki. Baadhi huelea, wengi huzama na hawaokotwi. Matumbawe nayo huwa vifusi. Kwa kuwa vifusi husukwasukwa na mawimbi, matumbawe machanga hayapati mahali imara pa kushika, na mwamba hubaki mtupu kwa miaka mingi. Hasara humfikia mwenye dema na mwenye mshipi, ambao hawakulipua chochote.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba matokeo haya si siri ya wataalamu. Mvuvi azamiaye kuokota samaki waliokufa huviona vifusi kwa macho yake. Anaporudi siku ya pili na chupa nyingine, anatenda akijua.

3.0 Kauli ya Kutendeka na Kutoweka kwa Mtendaji

Tuchukue sentensi tatu zilizotungwa kwa ajili ya uchambuzi huu:

(1) Mvuvi amevunja matumbawe.
(2) Matumbawe yamevunjwa.
(3) Matumbawe yamevunjika.

Katika (1) mtendaji ni kiima. Katika (2) hatajwi, lakini yumo: twaweza kuongeza *na mvuvi*, au kielezi *makusudi*, na sentensi ikakubalika. Katika (3) nyongeza hizo hukataliwa; hakuna asemaye *matumbawe yamevunjika makusudi*. Tangu Ashton (1944), wanasarufi wameeleza kwamba kauli ya kutendeka huonyesha hali ya kitu bila kumhusisha mtendaji.

Ieleweke kwamba (3) si uwongo. Matumbawe yamevunjika kweli. Hapo ndipo penye hatari yake inapotumika kama utetezi: husema kweli kuhusu mwamba, ikanyamaza kuhusu mkono uliowasha utambi.

4.0 Kukusudia, Kujua na "Ningalijua"

Utetezi wa pili ni kwamba mvuvi alikusudia samaki, si matumbawe. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa *kukusudia* na *kujua* ni vitenzi viwili vyenye maana mbili. Hata hivyo, kukosekana kwa kusudi hakuondoi ujuzi. Kipimo kizuri ni kiambishi *-ngali-*. Asemaye *ningalijua, nisingalitupa* anadai kwamba hakujua. Mwenye kuviona vifusi jana hawezi kuitamka sentensi hiyo leo kwa ukweli.

Kisa cha silikanti kinaonyesha tofauti hiyo. Samaki huyu wa kale alinaswa Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 2003, na muda mfupi baadaye wengine kadhaa walinaswa katika maji ya Tanga, karibu na Kigombe, kwa jarife lililotegwa kina kirefu kwa ajili ya papa. Wavuvi wa mwanzo wangeweza kusema *ningalijua* bila kujidanganya. Baada ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti kutangazwa mwaka 2009, ategaye jarife hilo mahali pale pale hana tena haki ya neno hilo. Jarife halikubadilika; kilichobadilika ni ujuzi wa mtegaji, na wajibu ukabadilika pamoja nao.

5.0 Hitimisho

Methali mbili zinagombania kisa hiki. *Ajali haina kinga* huwafaa wale ambao hawakuweza kuona mbele. Uvuvi wa baruti unaangukia chini ya nyingine: *Mchuma janga hula na wa kwao*. Methali hii haiulizi mchumaji alikusudia nini. Inatazama alichochuma na wanaokila pamoja naye. Kwa mantiki hiyo, wajibu humgusa pia auzaye baruti na anunuaye samaki akijua walivyovuliwa.

Ufukara wa mvuvi ni kweli, na unastahili kupunguza ukali wa hukumu. Hautoshi, hata hivyo, kuigeuza sentensi (1) kuwa (3). Wachunguzi wa lugha ya mahakama, ya magazeti na ya taarifa za serikali wana kazi hapa: kila wanapokutana na *-ika*, waulize kama mtendaji hayupo kweli, au ameondolewa.