Toni, Mkazo na Pumzi: Kusema Kimandarini na Kiingereza mbele ya Watu

Mwanafunzi wa lugha akisimama kusema Kimandarini au Kiingereza mbele ya watu, mara nyingi kinachoharibika kwanza si msamiati wala sarufi, bali sauti. Chumbani aliisoma hotuba yake vizuri. Mbele ya watu moyo unadunda, pumzi inakatika, sauti inapanda. Katika makala haya ninataka kuonyesha kwamba lugha hizi mbili hazikipi kiimbo kazi moja, na kwamba anayezitenganisha kazi hizo ndiye anayeeleweka hadi benchi la mwisho.

Tuanze na Kimandarini. Kina toni 4, pamoja na silabi nyepesi zisizo na toni yake. Kwa ngazi 5 za sauti alizopendekeza mwanaisimu Yuen Ren Chao mwaka 1930, toni ya kwanza inakaa juu (55), ya pili inapanda (35), ya tatu inashuka chini kisha inainuka (214), na ya nne inaanguka kutoka juu (51). Chukua mfano wa biashara: mǎi ni kununua, mài ni kuuza, na mái ni kuzika. Mkalimani wa Kolwezi au Likasi anayechanganya mǎi na mài anaweza kumfanya muuzaji awe mnunuzi.

Wengi husema toni ni jambo geni kwetu. Mimi sikubali. Katika Lingala, moto yenye sauti ya chini ni mtu, lakini motó inayopanda mwishoni ni kichwa. Kiluba nacho kina toni. Kiswahili ndicho kilichoziacha, kikabaki na mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Basi unapojifunza Kimandarini, tumia sikio ulilolipata katika lugha ya nyumbani, si lile la Kifaransa.

Hatari inakuja tunapotaka kusisitiza au kuuliza. Kwa Kiswahili na Kifaransa tunaweza kuuliza kwa kuinua sauti tu. Ukiinua hivyo mwisho wa mài, unaisogeza kuelekea mái: ulitaka kuuza, sasa unazika. Kwa swali la ndiyo au hapana, Kimandarini kina neno dogo ma linalowekwa mwishoni. Kwa msisitizo, tua kidogo kabla ya neno, lirefushe, panua umbali kati ya juu na chini; lakini mwelekeo wa toni usiuguse.

Kiingereza ni kinyume. Humo kiimbo ni mali ya sentensi: unaweza kukipandisha na kukishusha bila neno kupata maana nyingine ya kamusi. Kisichovumilia kosa ni mkazo. REcord ni jina, reCORD ni kitenzi. Tena mkazo unahama: PHOtograph, phoTOgrapher, photoGRAPHic. Sisi tuliozoea Kiswahili tunaupeleka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na Kifaransa kinatuvuta hadi mwisho kabisa. Pia tunazipa silabi zote uzito sawa, ilhali Kiingereza hufupisha zile zisizo na mkazo. Msikilizaji hulitambua neno kwa silabi yake nzito. Ikikaa mahali pasipo pake, anabaki kulitafuta neno hilo huku wewe umekwisha kuingia sentensi nyingine.

Napendekeza mazoezi manne, ya dakika 15 kila siku:

1. Kwa Kimandarini, funga mdomo uivumishe sentensi puani bila maneno. Mwenzako aandike toni anazozisikia.
2. Kwa Kiingereza, gonga meza kwenye kila silabi yenye mkazo. Zilizobaki zipite haraka kati ya magongo.
3. Katika hotuba yako, weka mstari mahali pa kuvuta pumzi. Woga hufupisha pumzi, kwa hiyo weka mistari mingi kuliko unavyodhani inahitajika.
4. Jirekodi kwa simu ukiwa umesimama, kisha sikiliza kesho yake bila kutazama karatasi. Neno usilolitambua wewe mwenyewe, wasikilizaji hawatalitambua.

Katika migodi ya Katanga, mazungumzo mengi kati ya Wakongomani na Wachina hupitia kinywa cha mkalimani. Mshahara wa mfanyakazi na usalama wake vinaweza kutegemea silabi moja. Ndiyo sababu naomba mazoezi haya tuyafanye wawili wawili tangu mwaka wa kwanza, si wiki moja kabla ya mtihani.