Umeng'oa Jino Lushoto, Kwenu ni Mlalo: Namna ya Kutunza Kidonda cha Kinywani

Anayetoka Mlalo au Mtae kwenda Lushoto mjini kung'oa jino hurudi nyumbani siku hiyohiyo, ganzi ikiwa haijamtoka. Shashi iko mdomoni, kona za barabara hazina mwisho, na daktari wa kumuuliza swali amebaki nyuma. Mbinu hizi ni zake kwanza. Zitamfaa pia mzee ambaye meno ya bandia yamemchuna fizi, mtoto aliyeanguka na kijiti mdomoni, na mpenda chai aliyeunguza ulimi kwa pupa ya asubuhi ya baridi.

Kinywa ni mahali pabaya pa kufungia kidonda. Mate hutoka kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, ulimi hautulii hata mtu akilala, na bakteria waishio humo ni wa mamia ya aina. Plasta ya kawaida ukiibandika kwenye ufizi haimalizi dakika tano. Kwa hiyo mwili umejifanyia bandeji yake: donge la damu iliyoganda ndani ya shimo la jino. Linafunika mfupa, linazuia damu, na nyama mpya huota juu yake. Karibu kila ushauri utakaopewa na mtabibu wa meno, hata ule unaoonekana wa ajabu, lengo lake ni donge hilo lisitoke.

Ng'ata ile shashi kwa nusu saa hadi saa nzima bila kuitoa kuchungulia. Kila ukichungulia unabandua kile kilichoanza kushika. Ukishaitoa, usiteme mate, yameze. Huu ndio mtihani mgumu kuliko yote, maana mate yenye damu yanatia kinyaa, lakini kutema kunavuta donge kutoka ndani, sawa na kunyonya soda kwa mrija au kuvuta sigara. Ugoro nao uweke kando. Saa 24 za kwanza usisukutue kwa kitu chochote, usibebe mzigo mzito, na usiku ulale kichwa kikiwa juu kidogo. Shavu likivimba, kitambaa kilicholowekwa maji ya baridi kiwekwe kwa nje. Lushoto maji ya bomba yenyewe yanatosha, barafu ya nini.

Mate ya rangi ya waridi siku ya kwanza ni kawaida. Damu inayojaa mdomoni si kawaida. Ikitoka hivyo, kunja shashi safi au kipande cha kitambaa cha pamba kilichochemshwa, kiweke juu ya shimo lenyewe wala si juu ya meno ya jirani, kisha ng'ata kwa nguvu nusu saa nyingine ukiwa umekaa wima. Kama huna shashi, kipo kitu ambacho madaktari wa meno wa nchi nyingi hukipendekeza, na huku kinalimwa mlangoni: chai. Chukua kifuko cha majani ya chai nyeusi, kilowanishe kwa maji yaliyochemshwa, kiache kipoe, kikamue, ukiweke palipong'olewa na kung'ata. Tanini iliyomo kwenye chai hubana tishu na kusaidia damu kuganda. Majani ya kumwaga kutoka kwenye pakiti usiyatie hivihivi, yataingia shimoni. Yafunge kwanza kwenye kitambaa safi. Damu ikiendelea kutiririka baada ya hapo, rudi hospitali usiku huohuo, hasa kama unatumia aspirini kila siku au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Hilo la dawa lilipaswa kusemwa kabla ya sindano ya ganzi, na wengi hawalisemi kwa sababu hawakuulizwa.

Kuanzia siku ya pili, chumvi. Nusu kijiko cha chai katika glasi ya maji yaliyochemshwa na kupoa hadi uvuguvugu. Maji ya chemchemi za Usambara yanang'aa na yana ladha tamu, lakini kung'aa si usafi, yachemshe. Weka maji mdomoni, inamisha kichwa upande huu na upande ule, kisha acha yadondoke yenyewe kwenye beseni badala ya kuyatema kwa nguvu. Fanya hivyo baada ya kila mlo kwa wiki moja. Meno mengine endelea kuyapiga mswaki. Kuacha mswaki kwa kuogopa kidonda ndiko kunakokichafua.

Ukiandikiwa dawa ya kusukutua ya klorheksidini, jua mambo mawili. Dawa ya meno ya kawaida huipunguzia nguvu, kwa hiyo acha nusu saa ipite kati ya mswaki na dawa hiyo. La pili linawahusu sana wanywa chai wa Bumbuli na Soni: klorheksidini ikikutana na chai ya rangi, meno hupata madoa ya kahawia. Madoa hayo si kuoza, na daktari anaweza kuyasugua yakaisha, ila ni bora kunywa chai kwanza na kusukutua baadaye kuliko kusukutua na kukimbilia kikombe.

Chakula kisitese. Uji uliopoa, viazi mviringo vya kuponda, parachichi, mtindi, ndizi zilizochemshwa zikalainika. Bisi ziache kabisa, kwani ganda dogo la punje moja likizama kwenye shimo hutoka kwa shida. Plamu changa, ambazo msimu wake ukifika watoto hula hadi meno yakafa ganzi, zinachoma kidonda, ngoja wiki.

Sasa hariri, kwa sababu wapo waliosoma kwamba siku hizi kuna bandeji za hariri zinazoua bakteria na kuponya vidonda vya mdomoni. Habari hiyo ina ukweli. Uzi wa kiwavi wa hariri una protini kuu mbili: faibroini, ambayo ndiyo uzi wenyewe, na serisini, gundi inayoshikamanisha nyuzi. Watafiti huchemsha vifuko vya viwavi katika maji ya sodiamu kaboneti hadi gundi itoke, huyeyusha faibroini, kisha huikausha upya ikawa utando mwembamba au sponji. Mwili hauipigi vita sana, nayo humeng'enywa polepole kadiri nyama inavyoota, kwa hiyo hakuna haja ya kuibandua. Lakini hariri peke yake haiui bakteria. Kinachoua ni kile kilichochanganywa nayo, kama vile fedha iliyosagwa laini mno, klorheksidini au kitosani, dutu inayotolewa kwenye magamba ya kamba na kaa. Kazi ngumu imebaki palepale pa mwanzo, kufanya utando huo ushike kwenye ufizi ulioloa. Kwa maneno mengine, maabara zinajaribu kutengeneza donge la damu lililo bora kuliko lako.

Kwa hiyo usizunguke maduka ya dawa ukiiulizia. Wala usijaribu kujitengenezea, hata kama mforosadi umeota uani na mtu amekuambia viwavi wa hariri hula majani yake. Afrika Mashariki hariri inajulikana; kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kimefanya kazi na wafugaji wa viwavi wa hariri huko Kenya, hata wale wa porini. Ila hiyo ni hariri ya kufuma nguo. Kifuko kibichi kina gundi, vumbi na mabaki ya mdudu.

Hariri utakayokutana nayo kweli kwa daktari wa meno ni uzi mweusi wa kushonea. Unapendwa kwa kazi za kinywani kwa sababu ni laini, fundo lake halitelezi, na ncha zake hazichomi ulimi kama zile za nailoni. Una kasoro moja: umesukwa, na kila uzi uliosukwa hunyonya majimaji kama utambi wa kibatari, kwa hiyo mate na bakteria hupanda nao hadi ndani ya kidonda. Ndiyo maana hutakiwi kuuacha. Kwa kawaida hutolewa baada ya siku 7 hivi. Kabla hujashonwa, uliza swali moja: uzi huu ni wa kutolewa au wa kuyeyuka? Kama kwenu ni mbali na nauli ya kurudi wiki ijayo haina uhakika, sema hapohapo uwekewe wa kuyeyuka ikiwezekana. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni ya kujikata uzi mwenyewe mbele ya kioo kwa wembe.

Kuna hariri nyingine, ya buibui. Desturi ya kubandika utando wa buibui kwenye jeraha ili damu isimame ni ya zamani na imeenea duniani. Utando wa darini umekusanya vumbi, mizoga ya wadudu na masizi, na hapo mtu anaweza kuingiza pepopunda. Usiutie mdomoni. Vivyo hivyo na tumbaku, na unga wa kapsuli ya amoksilini unaomwagwa kwenye shimo: antibiotiki hiyo humezwa kwa dozi iliyoandikwa, haipakwi. Aspirini ikiwekwa juu ya ufizi huunguza nyama ikawa nyeupe. Unapata kidonda cha pili juu ya cha kwanza. GV, ile dawa ya zambarau, ina kazi yake kwa vidonda vya mdomoni vya mtoto mwenye surua, lakini kwa nguvu nusu, yaani asilimia 0.25, na kwa maelekezo ya mhudumu wa afya. Ya dukani mara nyingi ni kali mara mbili ya hiyo.

Mama mwenye mtoto mchanga naye nimwambie hili bila kuzunguka. Mtoto akipata homa na kuhara, atatokea jirani aseme ni meno ya plastiki, au kwamba kimio kimeshuka kinataka kukatwa. Uvimbe mweupe unaoonyeshwa kwenye ufizi ni chonge za utoto zikiwa bado ndani. Wanaozichokoa wanatoa vichipukizi vya meno halisi, na wanamwachia mtoto kidonda kinachovuja damu, wakati ugonjwa wenyewe, pengine malaria au nimonia, unaendelea. Mpeleke zahanati apimwe. Bibi akisisitiza, nenda naye, asikie mwenyewe.

Kidonda kinachokwenda vizuri hupungua maumivu kila siku. Maumivu yakipungua kisha yakarudi makali kuanzia siku ya pili hadi ya nne, yakipanda sikioni, na harufu mbaya ikitoka, huenda donge limetoka na mfupa umebaki wazi. Parasetamo haitatosha. Rudi, daktari atasafisha shimo na kuweka dawa ya kutuliza, na nafuu huja upesi. Nenda bila kusubiri kesho ukiwa na homa, usaha, uvimbe unaoshuka shingoni, mdomo usiofunguka, au shida ya kumeza na kupumua. Mtoto dhaifu, hasa aliyetoka kuugua surua, akianza kunuka mdomo na shavu kuvimba, ni dharura: huenda ni noma, ugonjwa unaokula uso, ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza Desemba 2023 katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Ukiwahi, antibiotiki zinausimamisha.

Na kidonda chochote kisichopona kwa wiki 2, hata kisichouma, hasa kisichouma, kionyeshwe daktari wa hospitali ya wilaya Lushoto au Bumbuli. Watumiaji wa ugoro wachungulie mahali wanapoukalisha, kati ya mdomo na ufizi, mara moja kwa mwezi mchana wakiwa na kioo. Doa jeupe au jekundu lisilofutika, au pagumu panapoguswa kwa kidole, panahitaji kukatwa kinyama kidogo kikapimwe, na pengine safari ya hospitali ya Bombo, Tanga au ya KCMC, Moshi. Ukienda, beba dawa zote ulizokwisha kupaka na kumeza, za dukani na za mganga, na uzitaje.