Dondoo muhimu: Nywila ya nodi ya Bitcoin
Fundi wa Endiinzi anayewasha nodi ya Bitcoin Core hana haja ya kuumiza kichwa kubuni nywila ya RPC, yaani njia ambayo programu nyingine huiamuru nodi. Kila inapowaka, programu yenyewe hutengeneza mpya na kuiweka kwenye faili la .cookie, kisha hulifuta inapozimwa vizuri.

Programu nyingine ikidai nywila ya kudumu, atumie mpangilio wa rpcauth, si wa rpcpassword. Huo wa pili huacha nywila wazi ndani ya bitcoin.conf, faili la mipangilio ya nodi, na anayeazima kompyuta anaweza kuisoma. Programu ndogo ya rpcauth.py hutoa nywila ndefu isiyokisika, na kwenye bitcoin.conf huingia alama yake iliyofumbwa tu. Nywila yenyewe iandikwe daftarini, si WhatsApp!

Mlango 8332, ambao RPC hutumia, ubaki kwenye 127.0.0.1, yaani ndani ya kompyuta hiyo hiyo tu. Hivyo anayesimamia nodi iliyoko Nakivale akiwa Mbarara apitie SSH, tena kwa ufunguo.