Usifunge Duara Haraka: Kukokotoa Mfumo wa Kwanta Unaovuja

Mwanafunzi wa fizikia wa Butembo au Beni hahitaji maabara ili kuufikia mfumo ambao Naomichi Hatano na David Nelson waliuandikia modeli mwaka 1996. Daftari na kalamu vinatosha, hata siku umeme umekatika.

Chukua vituo vitatu vya barabara yenu: Butembo, Maboya, Beni. Chembe inaruka kuelekea Beni kwa nguvu 4 na kurudi kwa nguvu 1. Andika matrisi: mstari wa kwanza 0, 1, 0, wa pili 4, 0, 1, wa tatu 0, 4, 0. Kisha toa 3i kwenye kila namba ya ulalo. Huo ndio uvujaji. Ukitoa chini ya 2.6i, duara tutakalolifunga baadaye litakuza chembe badala ya kuipoteza.

Tafuta nishati: −3i, 2.83−3i na −2.83−3i. Sehemu yenye i ni kasi ya kufifia, na hapa zote zinafifia sawa. Wengi huishia hapo. Wewe endelea hadi kwenye vekta. Ya −3i ni (1, 0, −4): ukizidisha kila namba kwa yenyewe, Beni inapata 16 kati ya 17. Hali mbili zilizobaki zina uzito 1, 8, 16. Kama nguvu zingelingana huku na huku, ungepata 1, 2, 1. Zote tatu zimelundikana ukingoni. Mwaka 2018 Shunyu Yao na Zhong Wang waliipa hali hii jina la athari ya ngozi.

Sasa unganisha ncha: 4 kona ya juu kulia, 1 kona ya chini kushoto. Nishati zinakuwa 5−3i, −2.5−0.4i na −2.5−5.6i, na kila kituo kinapata theluthi. Hali moja sasa inadumu muda mrefu kuliko zote za mwanzo! Kwa matrisi ya Hermite iliyo ndefu, kufunga duara karibu hakubadilishi nishati, ndiyo maana vitabu vinaturuhusu kufanya hivyo kwa urahisi wa hesabu. Hapa ruhusa hiyo inapotosha, kwa hiyo kokotoa kwanza mnyororo ulio wazi.

Ukifika vituo 60 kwa kompyuta, usiiamini matrisi ya 4 na 1: tarakimu 16 za kompyuta hazitoshi, na itakupa nishati za uongo. Weka 2 pande zote mbili, yaani kipeuo cha pili cha 4×1. Nishati za mnyororo wazi ni zilezile. Vekta utakazopata, zidisha kituo cha kwanza kwa 2, cha pili kwa 4, cha tatu kwa 8, na kuendelea.