Fomu ya Leseni na Shauri la Nyumbani

Zipo jamaa zetu si haba zenye mtoto anayesomea uuguzi huko Marekani. Fedha imechangwa, pengine shamba limeuzwa, na nyumbani wote wangojea siku atakapovaa sare. Mara huja habari kwamba mtoto yule, katika upweke wa ugenini, alishikwa na pombe au vidonge vya kutuliza maumivu. Akatibiwa, na sasa ni mwaka wa pili hajagusa. Masomo ameyamaliza. Mbele yake ipo fomu ya kuomba leseni, nayo yauliza habari za nyuma. Ajibu nini?

Shauri la nyumbani twalijua: Nyamaza, nani atajua? Sisi twaliona kuwa shauri baya, tena la hatari.

Huko leseni haitolewi na serikali kuu. Kila jimbo lina baraza lake la wauguzi. Baraza moja huuliza juu ya hukumu za mahakama, jingine huuliza pia kama mwombaji ana hali inayomzuia sasa kufanya kazi kwa usalama. Basi na asome swali neno kwa neno, ajibu lililoulizwa. Fomu si kiti cha kitubio, wala hakuna alazimishwaye kuungama asiloulizwa. Lakini lililoulizwa lijibiwe kweli. Majimbo mengi huchukua alama za vidole na kuzipeleka kwa polisi, na aliyehukumiwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa ataonekana. Hapo kosa la zamani, ambalo pengine lingevumiliwa, lageuka kuwa udanganyifu wa leo. Nao udanganyifu peke yake waweza kumnyima mtu leseni, au kumnyang'anya hata baada ya miaka ya kazi.

Asemaye kweli aambatanishe hati za mahakama, barua ya waliomtibu, na maelezo yake mwenyewe yasiyo na visingizio. Baraza laweza kumkubali kwa masharti: kupimwa mkojo bila kuarifiwa mapema, mara nyingi kwa fedha yake mwenyewe, kutoshika funguo za dawa kali kwa muda, msimamizi kuandika taarifa zake. Huweza kuchukua miaka 3 hata 5. Mzigo huo ni mzito, nasi hatusemi ni mwepesi. Lakini mgonjwa aliye kitandani hakujichagulia mwuguzi, na kabati la dawa ndilo jaribu lenyewe.

Zamani mwuguzi wa namna hiyo alifukuzwa tu. Florida ilianza mwaka 1983 mpango wa kuwasaidia wauguzi wapone chini ya uangalizi, na majimbo mengine mengi yana mipango kama huo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 juu ya watu wenye ulemavu humlinda aliyeacha dawa za kulevya. Anayeendelea kuzitumia kinyume cha sheria haimlindi. Na Machi 2022 Idara ya Sheria ya huko ilisema kuwa baraza la Indiana limeivunja sheria hiyo, kwa kumkatalia mwuguzi nafasi katika mpango wa kusaidiwa kwa sababu alitumia dawa aliyoandikiwa kutibu uraibu wake.

Wazazi huogopa aibu. Sista Mary Ignatia Gavin aliijua aibu hiyo alipoanza, mwaka 1939, kuwapokea walevi katika hospitali ya Mtakatifu Thoma mjini Akron, wakati hospitali nyingi hazikuwataka. Aliwalaza kama wagonjwa wengine.

Basi mtoto akipiga simu, baba asianze na fedha ya shamba. Amwulize: daktari wako ni nani? Wenzako mnaosaidiana wapo? Umemwona mwanasheria ajuaye mambo ya leseni, kabla ya kutia sahihi? Na ikiwa bado anakunywa, aseme wazi kwamba fomu itangoja, na nyumbani watangoja naye.