Somo la Bustani ya Nyumbani: Kugawa Mmea wa Nyoka

Msomaji, huenda barazani kwako upo mmea wenye majani marefu, manene, yaliyosimama wima kama panga, yenye mabaka kama ngozi ya nyoka. Wengi huuita mmea wa nyoka. Labda ulipewa na mama yako au na jirani aliyehama, nawe umeutunza miaka mingi katika chungu kile kile. Sasa umejaa mpaka chungu kimepasuka ubavuni, na asubuhi moja umeona bua limetoka kati ya majani, lenye maua membamba meupe. Je, ufanye nini? Yafaa kujua, kwa sababu watu wengi huupoteza mmea huu wakati ule ule wanapotaka kuusaidia.

Tabia ya mmea

Mmea huu wa mapambo asili yake ni Afrika ya Magharibi, tangu Nigeria mpaka Kongo. Lakini ndugu zake wa porini wako katika nchi kavu za Kenya pia. Zamani watu walitoa nyuzi katika majani ya ndugu hao, wakasokota kamba na upote wa upinde. Wamaasai huuita mmoja wao oldupai, na jina hilo ndilo la bonde mashuhuri lililoko Tanzania.

Mmea wa nyoka umeumbwa kustahimili ukame. Huweka maji ndani ya majani yake, na ndani ya shina nene linalotambaa chini ya udongo kama tangawizi. Vitundu vya majani hufunguka usiku na kufungwa mchana, ili maji yasipotee kwa jua. Kwa hiyo kiu haiuui upesi. Kinachouua ni maji mengi.

Maua si dalili ya kufa

Wengine wakiona maua hudhani mmea umefika mwisho wake, wakautupa. Sivyo. Maua hufunguka jioni, hunukia usiku, na hutoa matone matamu yanayonata. Ni kweli kwamba chipukizi lililotoa maua halitaongeza majani mapya katikati yake. Lakini majani yake ya zamani yataishi miaka mingi, na machipukizi mengine yatatoka kandokando. Ngoja maua yakauke, kisha kata bua karibu na udongo. Hapo ndipo uugawe.

Wakati wa kugawa

Chagua majira ya joto. Katika nchi za juu kama Limuru, Nyeri na Kinangop, usiugawe katika baridi ya mwezi wa Juni mpaka Agosti, kwa maana vidonda havikauki upesi na mizizi hulala.

Namna ya kufanya

1. Acha kumwagilia kwa muda wa juma moja, ili udongo ukauke na kuachia chungu.

2. Laza chungu ubavuni, kigongegonge, kisha utoe mmea mzima pamoja na udongo wake. Usivute majani. Ikiwa chungu kimebana sana, afadhali ukivunje kuliko kuvunja mizizi.

3. Kung'uta udongo mpaka uone shina la chini, ambalo huwa na rangi ya manjano au ya machungwa. Kata kwa kisu kikali kilichooshwa kwa maji ya moto. Kila kipande kiwe na majani matatu au zaidi, na mizizi yake yenyewe. Sehemu yoyote iliyo laini na yenye kunuka, ikate na kuitupa.

4. Weka vipande kivulini siku mbili au tatu, mpaka vidonda vikauke. Usiruke hatua hii kwa haraka, kwa sababu kidonda kibichi kikifukiwa katika udongo wenye maji huoza.

5. Changanya udongo wa shamba sehemu mbili, mchanga mnene wa mtoni sehemu mbili, na samadi ya zamani iliyooza vizuri sehemu moja. Udongo mweusi wa mfinyanzi haufai ukiwa peke yake, kwa sababu hushika maji.

6. Tumia chungu au kopo lenye matundu chini, linalozidi mizizi kwa upana wa vidole viwili tu. Chombo kikubwa mno hubaki na maji ambayo mizizi haiwezi kuyanywa. Panda kwa kina kile kile cha kwanza. Majani marefu yakiyumba, yaegemeze kwa kijiti.

7. Usimwagilie mpaka juma moja lipite.

Kutunza

Baadaye chomeka kidole katika udongo. Ukisikia unyevu, ngoja. Kwa kawaida kumwagilia mara moja kwa majuma mawili au matatu kunatosha, na wakati wa baridi hata mara moja kwa mwezi. Usimimine maji katikati ya majani. Weka mmea penye mwanga, lakini usiutoe kivulini na kuuweka juani ghafula.

Mambo mawili ya kukumbuka

La kwanza, mmea huu huweza kuota hata kwa kipande cha jani kilichochomekwa mchangani. Lakini kama majani yako yana ukingo wa manjano, watoto wa jani watatoka bila ukingo huo. Ukitaka rangi ile ile ya mmea wa mama, gawa shina.

La pili, majani yana sumu kidogo. Mtoto, mbwa au paka akiyatafuna huweza kutapika. Weka chungu mahali wasipofika.

Ukimaliza, usiweke vipande vyote nyumbani kwako. Mpe jirani kimoja, na dada yako kimoja. Mwaka ambao chako kitaoza kwa bahati mbaya, utajua pa kwenda kuomba, na mmea wa mama yako hautakuwa umepotea. Wazee walisema, akiba haiozi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini tunakausha vidonda kabla ya kupanda?
2. Chungu kikubwa mno kina hatari gani?
3. Chipukizi likiisha kutoa maua, mmea huendelea kwa njia gani?