Ua la Kitunguu Ndilo Mbegu

Ndugu mkulima, mbegu za vitunguu zikikaa zaidi ya mwaka mmoja, nyingi hazioti. Ukiuziwa za zamani, fedha zimepotea. Basi jipatie mbegu bustanini mwako.

1. Chagua vitunguu vikubwa, vigumu, visivyo na ugonjwa.
2. Vizike tena udongoni majira ya baridi. Pasipo baridi havitoi maua.
3. Maua meupe yakichanua, usipige dawa ya wadudu. Nyuki ndio wanaozishikisha mbegu.
4. Mbegu nyeusi zikianza kuonekana, kata vichwa. Vianike kivulini juu ya kitambaa.
5. Fikicha, pepeta, tia katika chupa kavu, funika. Andika juu yake mwezi na mwaka. Kalamu yako iwe mlinzi wa shamba.

Swali: Kwa nini tuandike mwaka?